Mama wa Usa River anataka treni ya kwenda kazini: maswali yenu na majibu

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu stesheni ya Arusha, ile ya upande wa Unga Limited, nikasema siku ambayo hamna treni panakuwa kimya mpaka unasikia kunguru wanatembea juu ya bati. Basi simu haikupumzika. Meseji za maandishi, meseji za sauti, moja ina dakika nne na mtu anaongea huku anakaanga vitunguu, nilisikia mpaka nikaona njaa. Nimechagua chache, majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

"Shikamoo. Nakaa Usa River, kazi yangu ni duka la vitambaa karibu na Soko Kuu Arusha. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri kugombania gari, jioni narudi nimesimama njia nzima na mkoba nimeukumbatia kama mtoto. Sasa reli inapita hapahapa kwetu na stesheni ipo. Kwanini tusipate treni ya asubuhi na jioni kama ile ya Mwakyembe ya Dar? Au treni za hivyo ni za watu wa Dar tu?" (Mama wa wawili, Usa River)

Marahaba mama, ingawa kwa maelezo yako nahisi tunalingana. Swali lako ndo limenifanya niandike ukurasa mzima wa treni kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Tuanze na hiyo ya Mwakyembe. Ilianza tarehe 29 Oktoba 2012, na watu wakaipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, jina likaganda mpaka leo. Zilikuwa mbili kwa mpigo. Moja kwenye reli ya kati kutoka Ubungo Maziwa kupita Tabata, Buguruni kwa Mnyamani, Kamata hadi Stesheni pale mjini, nyingine kwenye reli ya TAZARA kutoka Mwakanga kupita Yombo hadi Kurasini. Hazikuwa za siku nzima, zilikuwa za asubuhi na jioni, yani muda uleule ambao wewe unagombania gari. Nauli ya ile ya Ubungo ilianza na shilingi 400 mtu mzima na 100 mwanafunzi. Cha kujifunza hapa, hawakujenga reli mpya hata mita moja, ya kati ilikuwepo tangu Mjerumani na ya TAZARA tangu miaka ya sabini, walichofanya ni kutafuta mabehewa, kukarabati vichwa, kusafisha njia na kuweka vituo watu walipo. Kwahiyo hapana mama, siyo ya watu wa Dar tu, kwa wazo tu hata nyie mnastahili.

Ila sasa tukae tupige hesabu maana ndo penye kazi.

Treni ya safari na treni ya kwenda kazini ni vitu viwili tofauti kabisa japo zinakanyaga chuma kimoja. Ya safari mtu anapanda na mayai ya kuchemsha, blanketi na stori, ikichelewa kidogo ananuna afu anasahau. Ya kwenda kazini ikichelewa nusu saa mara mbili kwa wiki, bosi wako kashaanza kukuangalia saa, wiki inayofuata umerudi kwenye daladala na hurudi tena stesheni hata wakikupa soda. Hiyo treni inakufa au inapona kwa ratiba, mambo ya viti vizuri na rangi yanakuja baadae sana.

Na ratiba kwenye reli yetu ina mtihani wake, reli ni moja. Kutoka Usa hadi mjini kwa barabara ni kama kilomita 20 na kitu, tuseme reli nayo iwe hapohapo, tuseme treni iende kilomita 40 kwa saa, hiyo ni kama dakika 35 na kusimama simama inakuwa 40. Ikifika Arusha abiria wanashuka, kichwa kinakatwa, kinazunguka kwa njia ya pembeni kuja kufungwa upande wa pili, dereva na gadi wanahakikisha breki zinashika mabehewa yote, hapo robo saa imeenda ukiwa na bahati. Inarudi Usa tupu dakika nyingine 40. Maana yake treni moja asubuhi inaweza kufanya safari mbili za maana, ya kuondoka kama saa kumi na moja na nusu na ya kama saa moja na nusu, mwenye kuingia kazini saa mbili na nusu kapona, mwenye kuingia saa moja na nusu apande ile ya kwanza. Ukitaka zaidi ya hapo uongeze treni ya pili, na treni ya pili lazima ipishane na ya kwanza mahali, na kupishana kunataka stesheni ya katikati yenye reli ya pembeni inayofanya kazi na mtu wa kuzipokea. Treni mbili haziruhusiwi kabisa kuwa kwenye kipande kimoja cha reli kwa wakati mmoja, hilo halina mjadala hata kama dereva wote wawili ni wa kwetu Machame. Na hapo bado treni za mizigo zina haki yake, saruji ya Tanga nayo inataka kupita.

Treni yenye chumba cha dereva mbele na nyuma inaokoa hiyo robo saa ya kuzungusha kichwa, dereva anatembea tu anaenda upande wa pili. Ningekuwa mimi napanga, ningeanza na hiyo.

Afu kuna jambo ambalo watu hawaliongelei, geti la stesheni. Wewe mama duka lako liko Soko Kuu, ukishuka stesheni unatembea kidogo umefika, treni inakufaa moja kwa moja. Jirani yako anayefanya kazi Sakina au Ngaramtoni akishuka pale itabidi apande tena gari kuvuka mji mzima, nauli ya treni juu na nauli ya gari juu, huyo hawezi kuiacha daladala ya moja kwa moja hata umbembeleze. Kwahiyo siku treni ikianza lazima daladala za kwenda Sakina na Ngaramtoni ziwe zimepaki nje ya geti dakika treni inapoingia, na bajaji zipangwe foleni, la sivyo nusu ya abiria unawapoteza wiki ya kwanza.

Kuna wengine mmeniandikia mnataka iwe Moshi hadi Arusha kila siku. Hapo mi nakataa jamani, mnisamehe. Kwa reli ni kama kilomita 86, kwa huo mwendo wa 40 ni zaidi ya saa mbili, na Kosta au Noah inakushusha mapema zaidi na inapita kila dakika. Treni ya Moshi na Arusha ni nzuri kwa mtu wa safari na mizigo ila ya kwenda kazini na kurudi jioni labda reli ibadilishwe kwanza. Usa na Arusha ndo penyewe, watu ni wengi, umbali mfupi na barabara imejaa.

Sasa cha kufanya. Kulalamika kwangu hakutaleta behewa. Watu wa reli wanaelewa idadi. Wewe na wenzako hapo mtaani, shirikianeni na ofisi ya serikali ya mtaa, chukueni daftari mkae barabarani siku tano za kazi kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili, mhesabu gari zinazoelekea mjini na watu waliomo, muulize wanaenda sehemu gani ya mji na wangelipa shilingi ngapi. Karatasi moja yenye namba hizo inafika mezani kwa mtu haraka kuliko malalamiko yetu yote ya mwaka mzima.

"Niaje bro. Nimepanda mchongoko Dar hadi Dodoma aisee kile chuma siyo mchezo. Si waulete Chuga basi hata mmoja upige Arusha Moshi, kuna ugumu gani?" (Chalii wa Kaloleni)

Poa sana chalii wangu. Ugumu ni kwamba utaanguka kabla haujaondoka. Mchongoko, ile treni ya umeme, unatembea kwenye reli mpya ya SGR yenye upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma, yetu hii ya Tanga na Arusha ni 1,000 kamili. Mchongoko ukiuweka hapa matairi ya upande mmoja yako nje yanakanyaga kokoto. Afu unatumia umeme wa waya wa juu, na hapa kwetu juu ya reli kuna matawi ya miti na kunguru tu. Ule mwendo wa 160 ulioufurahia unataka tuta jipya, kona ndefu na uzio, mbuzi wa Usa River hawajazoea hayo mambo.

Na usidhani hata mabehewa ya zile treni za mjini Dar yanahamishika ovyo. TAZARA upana wake ni 1,067, yani imezidi ya kwetu milimita 67 tu, kama vidole vinne vya mkono wako, lakini vidole hivyo vinne vinatosha kabisa behewa la TAZARA lisikanyage reli ya Arusha. Nchi moja, upana wa aina tatu, na zote tatu ziko Dar es Salaam. Kuna mpango wa SGR ya Tanga, Arusha hadi Musoma, hiyo ndo ya kuisubiri kama unataka mchongoko.

"Mimi ni wa Moshi, nilienda Nairobi kwa dada yangu nikakaa mwezi. Kule anaendesha gari hadi stesheni ya Syokimau, analiacha hapo, anapanda treni hadi mjini, jioni anarudi analikuta. Nilishangaa. Hii imeanza lini na kwanini sisi hatuna?" (Binti wa Majengo)

Binti umeona kitu kizuri. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa na Rais Kibaki tarehe 13 Novemba 2012. Rudi juu uangalie ya Mwakyembe ilianza lini. Umeona? Wiki mbili zimepishana, Dar tulitangulia siku kumi na tano na hakuna anayejisifu, ajabu sana Watanzania.

Tofauti ni mpangilio. Sisi tulichukua reli ya zamani tukaweka vituo tukaanza. Wenzetu walijenga stesheni mpya nje ya mji pembeni ya barabara ya Mombasa ambayo asubuhi haisogei, wakaweka eneo kubwa la kupaki, wakitegemea kwamba mwenye gari akiona foleni ya barabara na akaona treni inaondoka atajiongeza mwenyewe. Baadae ilipokuja SGR ya Mombasa mwaka 2017 stesheni yake kubwa ya Nairobi ikawekwa hukohuko Syokimau, sasa mtu anashuka kutoka Mombasa usiku anavuka upande wa pili anapanda treni ndogo ya kumpeleka katikati ya mji. Hiyo ndogo inatembea kwenye reli ya zamani, upana ni uleule wa milimita 1,000 kama ya Moshi.

Na hii utaipenda kwasababu we ni wa Moshi, zile treni zenye chumba cha dereva mbele na nyuma walizoongeza kwenye vitongoji vya Nairobi ni mitumba, zilikuwa zinafanya kazi kisiwa cha Mallorca huko Hispania, zikanunuliwa zimeshatumika. Mtu aliyewahi kupata suruali ya maana pale soko la mitumba la Memorial hawezi kucheka mtumba. Mi kwa kweli kama tungepata mbili za hivyo kwa ajili ya Usa na Arusha nisingeuliza zimetoka wapi.

Kuhusu kupaki, kwetu bado. Anayetoka Usa saa kumi na moja hana gari la kuacha stesheni. Wa kwetu anahitaji sehemu ya bodaboda na banda la chapati.

"Mdogo wangu alikata tiketi ya SGR mtandaoni, imeandikwa 06:00. Akajua saa sita mchana. Kafika stesheni kanywa na chai, treni imeshaondoka zamani. Nani wa kulaumiwa?" (Kaka mtu, Njiro)

Pole kwa dogo, ila hapo hamna wa kulaumu zaidi ya saa yetu ya Kiswahili. Tiketi wanatumia masaa 24. 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, 14:00 ni saa nane mchana, 16:00 ni saa kumi jioni. Toa sita au ongeza sita, na ukiwa hauna uhakika muulize aliyekukatia "jua litakuwa limetoka?" Mama yangu mpaka leo tiketi yoyote anaiandika nyuma kwa kalamu, "alfajiri" au "jioni", hajawahi kuachwa.

Na kwakuwa umegusia tiketi, wale wa kuja Moshi mwezi wa kumi na mbili msisubiri tarehe 20. Treni ya abiria Dar hadi Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya miaka zaidi ya ishirini, ikarudi wakati nusu ya Dar inapanda Kilimanjaro kuchinja mbuzi, ile haraka ya tiketi haijaisha mpaka leo. Arusha yenyewe ilifikiwa Oktoba 2020.

"Nimepata kiwanja bei ya kutupa, kiko karibu na reli. Dalali anasema reli hiyo imekufa zamani hakuna shida. Nichukue?" (Anayetafuta pa kujenga, Arusha)

Usichukue. Yani ningeweza kuishia hapo.

Reli haifi ndugu yangu, inalala. Hii yetu ililala upande wa abiria miaka yote hiyo, watu wakapanda mahindi mpaka katikati ya mataruma, wengine wakajenga mabanda ya kuku na vyoo, siku mafundi waliporudi na nyundo zao zile kelele tulizisikia wote. Hifadhi ya reli ni mita 15 kila upande kwa mjini na mita 30 nje ya mji. Ukijenga humo siku moja utaamka ukutani kuna X nyekundu na hiyo haifutiki kwa chokaa. Kabla hujatoa hata mia nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, nenda na ofisi ya reli pale stesheni waulize mpaka wao unaishia wapi, chukua futi upime mwenyewe. Dalali akikataa kuongozana nawe huko ushapata jibu. Bei ya kutupa ina sababu yake.

"Nyumba yetu iko karibu na njia panda ya reli Moshi. Treni inapiga honi asubuhi mtoto anashtuka analia. Haiwezi kupita kimya?" (Mama mdogo)

Haiwezi, na ikipita kimya ndo uogope. Dereva akimuona mtu relini hawezi kusimama ghafla kama bodaboda, mabehewa yote ya nyuma yanamsukuma na chuma kwenye chuma kinateleza, atafunga breki hapa atasimama mbali kule. Honi ndo breki yake ya kwanza. Mtoto atazoea, wa kwetu tulizoea mpaka tukawa tunaamkia honi kwenda shule.

"Mwanangu, mimi ni mzee wa Kahe. Ujana wangu nilipanda treni hapa Kahe kwenda Mombasa kwa kaka yangu aliyekuwa bandarini. Vijana wa leo nikiwaambia wanadhani nachanganyikiwa, wanasema reli inaenda Tanga na Dar tu. Naomba uwaambie mimi siyo mwongo." (Babu)

Shikamoo babu. Wajukuu wasikie, babu siyo mwongo.

Reli hii ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911, hapo Mjerumani akakwama na vita vikaja. Arusha ilifikiwa 1929 chini ya Mwingereza. Hesabu vizuri, miaka kumi na nane afu mingine kumi na nane, halafu sisi tunalia treni ya Usa haijaja mwaka huu. Wakati wa vita vya kwanza Waingereza walivuta reli kutoka Voi kupita Taveta wakija kupigana huku, ikaunganishwa na ya Tanga hapohapo Kahe. Ndo maana Kahe ikawa njia panda, na ndo maana babu alifika Mombasa bila kushuka barabarani.

Na cha kuchekesha zaidi, miaka hiyo mtu wa Moshi angeweza kwenda Mombasa na Nairobi kwa treni lakini Dar es Salaam hawezi! Reli ya Tanga na reli ya kati zilikuwa hazijakutana, kile kipande cha kuziunganisha kupitia Ruvu kilifunguliwa 1963. Afu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, shirika la reli la Afrika Mashariki likagawanywa, na safari za babu zikaishia hapo.

Babu umesema kwenye meseji yako kwamba bado unayo tiketi moja ya zamani, ile ndogo ya kadibodi ngumu, umeiweka ndani ya Biblia. Usimpe mtu. Wiki ya pili ya mwezi ujao nakuja Kahe, nitaleta sukari na majani ya chai, nataka niione kwa macho na hao wajukuu wawe wamekaa hapo.